Kumi na Nane kwa Kumi na Nane, na Mmoja Amekaa

Muuza maziwa wetu amekufa. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nne, nikitafuta namna nzuri zaidi ya kuanza, mwishowe nimeona niiache ilivyo. Alianguka zizini Jumatatu asubuhi akikamua, na kabla ya saa nne vijana wa chama chetu cha kufa na kuzikana walikuwa wameshamlaza kwenye machela, wanashuka naye mbio katikati ya migomba ya watu kwenda barabara kubwa kutafuta gari. Alikata roho kabla gari halijapatikana. Kuna wanaosema ni presha, kuna wanaosema ni moyo, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba mama yangu alikuwa ameshatoa sufuria la maziwa na kuliweka kibarazani kama kila siku, na sufuria lile lilikaa pale juani mpaka mchana maana nyumba nzima hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kulirudisha ndani. Ninyi mnaonisoma hapa mmenizoea na hasira zangu: mbolea iliyochelewa, daraja bovu, wazee wanaoongea saa tatu mkutanoni bila kufika popote. Leo hasira ni ileile, ila safari hii inanielekea mimi mwenyewe. Na sitataja jina la mtu wala la kitongoji. Huku Kyerwa tunafahamiana sana, wahusika wakisoma watajijua.

Alikuwa mtu wa Nyakatuntu, kwenye familia za wafugaji, akahamia kwetu sisi watu wa ndizi na kahawa zamani kabla sijazaliwa. Alikuja na ng'ombe wachache, akapata kibanja, yaani kipande chake cha shamba na makazi, akajenga zizi kwenye uwazi wa nyuma, na tangu hapo maziwa ya nusu ya kitongoji yalikuwa yanatoka kwake. Mrefu, mkimya, baiskeli yake ina madumu mawili ya njano na kengele ambayo haikuhitajika, maana breki zake zilikuwa zinalia kuliko kengele. Vijana pale kwenye kibanda cha chipsi walikuwa wanapenda kumchokoza. Mechi kubwa ikikaribia wanamzuia njiani: "Mzee, leo uko upande gani? Huwezi kupita bila kusema." Yeye anashusha mguu mmoja chini, anawaangalia wote, anasema, "Mimi sina mpira, mimi nina ng'ombe. Nani anataka maziwa?" Wanacheka, wanampisha. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa namwona ni mtu wa kukwepa. Nimemaliza kidato cha nne nikiamini kwamba matatizo yote ya nchi hii yanaletwa na watu wasiotaka kusema wako wapi, na mtu mzima anayeshindwa hata kuchagua timu nilikuwa namweka kwenye kundi hilohilo.

Sasa nieleze chama, kwa wale wasio na chama kama chetu. Ukifiwa, kila kaya inaleta mkungu wa ndizi, kuni na maharage. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, masufuria na turubai la chama vinahamia kwako mpaka matanga yaishe. Ukiugua, zamu ya machela inakubeba. Ukiwa nje ya chama hayo yote hayapo, na kwetu mtu asiye na chama ni mtu anayeogopa hata homa. Mimi ni katibu wake. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko, na kwa sababu nilikuwa nimesoma, daftari jipya likawa halinitishi. Daftari hilo lilikuwa limeachwa na mradi mmoja uliokuja kufundisha vikundi, kurasa zake zimechapwa kwa Kiingereza, na chini ya kila ajenda kuna visanduku vitatu vya kura. Cha kwanza ni cha waliokubali, cha pili cha waliokataa, cha tatu kimeandikwa "Abstain".

Neno hilo nilikuwa nimelijua tangu shule. Lilikuwa kwenye bango la klabu ya ukimwi, nyuma ya ofisi ya walimu, likituambia tujizuie na ngono, tukilisoma kwa kucheka na kusukumana. Kamusi ya shule ndiyo iliyonionyesha kazi yake nyingine, ya kwenye kura: mtu aliyepo kikaoni, mwenye haki yake kamili ya kupiga kura, ambaye kwa makusudi hakuitoa upande wowote. Aliyekosa kuja haingii humo, wala aliyesinzia. Huyu yupo, anaonekana, anasikia, na amekataa kuhesabiwa huku na amekataa kuhesabiwa kule. Redioni nimewahi kusikia wakisoma matokeo ya kura wakiwaita "wasioamua". Basi nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema ili mtu asije akaniombea udhuru wa ujinga: nilijua neno, nilijua maana, nilijua kisanduku ni cha nani. Ila tangu nipokee daftari, kile cha tatu nilikuwa nakipiga tu mstari. Kwetu mtu wa hivyo hayupo, nilikuwa najiambia.

Na kwa namna tunavyopiga kura, ni kweli hawezi kuwepo kirahisi. Karatasi hatutumii. Kikao kinakaa uani kwa mwenyekiti, mwenyekiti anasema wanaokubali wakasimame upande wa jikoni, wanaokataa upande wa barabara, na mimi napita nahesabu vichwa. Tunajisifu kwamba ni kura ya uwazi. Uwazi wenyewe ndio huu: mtu anaangalia kwanza mwenyekiti anaegemea wapi, halafu shemeji yake anaelekea wapi, halafu yule anayemlimia shamba yuko wapi, ndipo miguu inaanza kwenda. Nimewaona watu wakianza safari ya kwenda barabarani wakaishia jikoni kwa sababu jirani amekohoa. Mtu anayebaki katikati, macho ya kaya zote yanakuwa kwake. Kukaa pale si jambo la uvivu hata kidogo. Hilo nimelielewa mwaka huu, na nimechelewa.

Mwaka juzi, msimu wa kahawa, tuliitisha kikao juu ya mama mmoja. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye mwenyewe kazaliwa hukuhuku, anaishi kwa vibarua: kupalilia, kuchuma kahawa, kukata majani ya ng'ombe. Majani ya ng'ombe alikuwa anayakata kwa huyu marehemu, karibu kila siku, na walikuwa wanapatana, wanataniana kwa sauti mpaka huku kwetu unasikia. Katiba yetu inasema ukikosa mazishi matatu mfululizo bila taarifa, wanachama wanaweza kukupigia kura utoke. Alikuwa amekosa matatu. Akaeleza kwamba binti yake alikuwa amelazwa, yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza, na taarifa alimpa mtu ambaye hakuifikisha. Wengine wakamwamini. Wengine wakaanza maneno ambayo huwa yapo chini tu yakisubiri siku yake: hawa ni watu wa kupita, leo wapo kesho wamekwenda, tutawazika wangapi? Yeye alikuwa amesimama palepale akisikiliza, jembe begani, maana alikuwa ametoka kwenye kibarua na alitegemea kurudi.

Wingu lilikuwa limeshuka. Kila mmoja pale alikuwa na kahawa imeanikwa nyumbani kwenye turubai, na kahawa ikinyeshewa mnajua habari yake. Mimi pia nilikuwa na ya mama yangu. Mwenyekiti akasema watu wajigawe haraka: wanaokubali atoke jikoni, wanaokataa barabarani. Wakajigawa. Nikahesabu jikoni: kumi na nane. Nikahesabu barabarani: kumi na nane. Nikarudia, ikawa hivyohivyo. Na kati ya jikoni na barabara, juu ya dumu lake la maziwa alilolilaza ubavu, muuza maziwa alikuwa amekaa, viwiko magotini, kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe.

"Mzee, nenda basi," mtu wa barabarani akamwita. "Ni wewe tu umebaki."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa siendi."

Watu wakacheka. Mwingine wa jikoni akadakia, "Ana dumu tupu huyo, anaogopa kusimama litabingirika!" Wakacheka tena, lakini wanaangalia juu, wingu linazidi kuwa jeusi. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anajua katiba kuliko mimi: kura zikilingana, mwanachama anabaki. Akanisogelea na kuangalia kalamu yangu.

"Mwanangu, huyo mwenzetu yuko upande wa jikoni."

"Mwenyekiti, amekaa katikati."

"Katikati ya wapi? Hapa pana jikoni na pana barabara. Wewe hiyo katikati unaiona imeandikwa?" Akageuka kwa watu. "Jamani, huyu si yuko karibu na jikoni kuliko barabara?"

"Leteni kamba tupime!" mtu akapiga kelele.

Tone la kwanza likaanguka kwenye daftari. Naliona mpaka leo, kwenye ukurasa kuna doa la wino lililotanuka. Mwenyekiti akasema, "Andika kumi na tisa, tuondoke." Nikaandika kumi na tisa. Kwenye kisanduku cha tatu nikapiga mstari wangu wa siku zote. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Yule mama alibaki amesimama, anauliza mtu wa karibu yake, "Wamesemaje? Nimetoka au nimebaki?" Akajibiwa na mtu aliyekuwa anakimbia, mgongo umegeuka, "Umetoka, mama. Kumi na tisa." Muuza maziwa alikuwa anafunga dumu kwenye baiskeli, na sidhani kama alisikia. Mimi nilikuwa nawaza kahawa.

Alisikia baada ya siku tatu, tena kwa yule mama mwenyewe. Walikutana njiani, mama ameshaambiwa na watu kwamba mzee ndiye aliyeongeza kura ya kumtoa, akamwambia, "Kumbe wa kumi na tisa ndiye wewe niliyekuwa nakukatia majani." Akampita, na kuanzia siku hiyo hakumkatia tena, wala hakumjibu salamu. Jioni hiyo mzee akaja kwetu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akaomba nimwonyeshe ukurasa. Kusoma alikuwa anajua kidogo, tarakimu alikuwa anazijua vizuri sana.

"Hapa ni jikoni," akaweka kidole. "Hapa ni barabarani. Na hiki cha tatu ni cha nani?"

"Ni cha mtu kama wewe, mzee."

"Na mbona hakina mtu?"

Akauliza Kiingereza chake kinaitwaje, nikamtajia, akauliza maana yake. Nikamjibu kama nilivyosikia redioni, kwamba ni mtu asiyeamua. Akatikisa kichwa polepole. "Mimi niliamua, binti yangu. Niliamua kabla sijatoka nyumbani." Ndipo hasira yangu ikapanda, maana mimi ndivyo nilivyo, nikikosea nashambulia. Nikamwambia, "Kama uliamua, si ungeenda barabarani? Ungenyanyuka tu, hatua sita, yule mama asingetoka. Sasa unakuja kunilaumu mimi na daftari." Maneno aliyonijibu nayakumbuka yote. Alisema, "Nikienda barabarani nikasema abaki, nimekubali kwamba miguu yangu ina haki ya kumtoa. Leo imembakiza, kesho mtaniita tena kwa mwingine. Mtu akifa anazikwa. Hilo la kupigia kura mmelitoa wapi? Mngeniuliza tuchimbe saa ngapi, ningepiga kura."

Nilidhani amemaliza. Akaniuliza, kwa sauti ileile, bila kunikazia macho, "Bila mimi ilikuwa ngapi kwa ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

Jamani, nilikuwa nakumbuka. Kumi na nane kwa kumi na nane. Kama ningemwandika pale alipokaa, kura zilikuwa sawa na yule mama alikuwa amebaki kwenye chama, hakuna mjadala. Kilichomtoa ni kalamu yangu, kwa haraka ya mvua. Tarakimu mzee alikuwa ameshaziona; alitaka niseme mwenyewe jambo moja tu, jina lake limefanya nini, na mimi nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza, kwa sababu kulisema kungenipeleka kwa mwenyekiti, na kwa mwenyekiti kungenipeleka mbele ya kikao. Nikamwahidi nitarekebisha. "Sawa, Katibu," akasema. Akaondoka, breki zinalia mteremko mzima.

Miezi mitatu baadaye mama mzazi wa yule mama akafariki, bibi mzee sana aliyekuwa anaishi naye. Chama hakikwenda. Turubai lilibaki kwa mwenyekiti, masufuria yalibaki kwa mwenyekiti, na mimi nilibaki kwetu nikijiambia kwamba kanuni ni kanuni. Asubuhi niliona muuza maziwa akipita na sepetu begani, bila baiskeli, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Haikupita saa nzima, akarudi. Nilikuwa nafagia uani. Sepetu ilikuwa safi, haina udongo hata kidogo, na mikono yake pia. Baadaye nikasikia kilichotokea: alifika, akavua koti, yule mama akatoka nje akamwambia, "Rudi nyumbani, mzee wangu. Kazi yako na mimi uliimaliza siku ile." Ndugu zake waliotoka Kiruruma, upande wa Karagwe, wakachimba wenyewe watatu, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kwenye ardhi yenye mawe. Wiki chache baadaye aliuza mbuzi wake wawili akahamia kwa ndugu zake hao. Ile sepetu safi nimeshaiona mara nyingi tangu siku hiyo, na sisemi ndotoni. Naiona mchana kweupe, nikiwa napiga mswaki, nikiwa kanisani. Inapita mbele ya uzio wetu kwenda juu, inarudi.

Na yeye hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliendelea kuleta maziwa, na kila asubuhi akishapima vikombe vya mama alikuwa ananiuliza swali lilelile kama utani, "Katibu, nimeshahama?" Maana yake, ameshatolewa kwenye kisanduku cha jikoni? Mimi namjibu, "Bado mzee, kikao kijacho." Kikao kijacho kinafika, ajenda ni nyingi, mwenyekiti ana haraka, nakaa kimya. Kesho yake: "Nimeshahama?" "Bado mzee." Mama yangu alikuwa anadhani ni utani wetu, anacheka nasi. Mwishoni niliacha kabisa kutoka nje nikisikia breki. Namwacha mama apokee, mimi niko ndani nimesimama nyuma ya mlango, namsikia anauliza, "Katibu yupo?" na mama anasema, "Yupo, anavaa." Mwaka mzima na zaidi nikawa navaa. Jumapili, siku moja kabla hajaanguka, aliuliza hivyo pia.

Tulimzika Jumatano. Kaya zote zilikuja na ndizi zao, kaburi lilichimbwa mapema, kila kitu kilikwenda kama katiba inavyotaka, na mimi kama katibu nilisoma historia ya marehemu: alikozaliwa, ng'ombe, watoto, ubatizo. Nikasoma kwamba alikuwa mwanachama mwaminifu. Nikakunja karatasi. Yule mama alikuwa amekuja kutoka Kiruruma. Alisimama nyuma kabisa, nje ya turubai, hakula, na watu wakampisha kama anavyopishwa mgeni. Watu walipoanza kutawanyika nikamkimbilia, nikampata ndiyo anataka kupanda bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Katibu."

"Umekuja."

"Nimekuja kuhakikisha amekufa kweli," akasema, kwa kicheko kidogo kisicho na furaha. Halafu akaacha. "Hapana. Nimekuja kwa sababu nilikuwa nataka kumuuliza siku moja nilimkosea nini. Sasa sitauliza tena. Labda wewe uliyekuwa unaandika unajua."

Nikamwambia. Pale barabarani, pikipiki inanguruma, nikamwambia yote: dumu, kumi na nane, kumi na nane, kamba, mvua, kisanduku, sikumbuki. Hakunikatisha. Nilipomaliza akamwambia kijana wa bodaboda azime pikipiki. "Alikuja na sepetu," akasema. "Nilimrudisha mbele ya watu." Nikasema najua. Akasema, "Alisema 'sawa, mama', akavaa koti." Kisha akanishika kiwiko, kwa nguvu, si kwa upendo. "Hao ndani ya turubai wanajua?" Nikasema walimwona amekaa, lakini hesabu ya daftari hawaijui. "Basi usiniambie mimi peke yangu. Mimi niko Kiruruma. Waambie wao."

Siku ya kuanua matanga, chama kizima kikiwa bado pale, nikasimama kabla mwenyekiti hajafunga. Nikafungua ukurasa wenye doa, nikasoma nilichoandika, nikasema nilichokiona. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, unatutafutia nini? Marehemu ameshalala, yule mama ameshahama. Atafaidika nani?" Niliogopa nikianza kumjibu nitashindwa kumaliza. Nikachukua kalamu, kwenye kisanduku cha jikoni nikakata kumi na tisa nikaandika kumi na nane, na kwenye cha tatu nikaandika moja, nikatia sahihi pembeni na tarehe ya siku hiyo. Mwandiko walionichagulia haukuonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama jikoni siku ile ya kura akahesabu kwa sauti, kama anayesoma hesabu ya mtoto: "Kumi na nane. Kumi na nane. Mmoja." Akamgeukia mwenyekiti. "Kwa hiyo yule mama hakuwa ametoka." Mjane wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, akafunika uso kwa kanga, na sikujua analia au anafanya nini.

Wakatumwa watu wawili kwenda Kiruruma kumpa yule mama taarifa kwamba ni mwanachama, na kwamba alikuwa mwanachama muda wote. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulimkuta anapalilia maharage. Akatusikiliza akiwa ameinama, akang'oa magugu mpaka mwisho wa mstari, ndipo akainuka. "Sawa," akasema. "Andikeni nimebaki. Kwa hiyo na mama yangu alikuwa wa chama." Tukasema ndiyo. "Haya. Mtakuja kumzika lini?"

Mwenzangu akaanza kusema kwamba bibi alishazikwa, akaona anachosema, akaacha. Yule mama hakuwa anatutukana. Alikuwa amesimama anasubiri siku itajwe, na sisi wawili, wajumbe wa chama chenye katiba na daftari la Kiingereza, tukawa tunaangalia maharage. Mpaka naandika haya siku hiyo haijatajwa. Nimependekeza twende kaya zote, tukalijengee kaburi la bibi, tupike, tukae mchana kutwa kama tulivyotakiwa kukaa. Kuna wanaosema ndiyo, na kuna mmoja ameshapendekeza tulipigie kura.

Nimekuwa nikidhani dunia ina watu wa aina mbili, wanaosimama na wanaoogopa kusimama, na kwamba mimi ni wa kwanza. Kumbe siku niliyopewa kazi ndogo kuliko zote, ya kutazama mtu alipo na kuandika alipo, sikuiweza. Aliyekuwa amesimama siku ile alikuwa yeye, juu ya dumu. Mimi nilikuwa nimekwenda jikoni na kalamu yangu. Wako vijana wengi wanaonisoma ambao wamepewa ukatibu kwa sababu ya mwandiko kama mimi, kwenye vikundi, kwenye makanisa, kwenye vijiji. Kesho mtahesabu watu na mtakuwa na haraka, na kutakuwa na mmoja asiyekwenda popote. Usimsogeze. Usimuulize yuko karibu na nani. Aliyekaa, mwandike amekaa, na mwandike siku hiyohiyo, mbele ya macho yake, akiwa hai.